Ghorofa ya Nne, Bila Lifti

Barua ya wizara ilifika Ijumaa saa kumi:
Otília Seixas, mwalimu wa jiografia, Lisbon,
uripoti ndani ya saa sabini na mbili.
Mama alifurahi, akachinja kuku.
Baba akauliza, "Utalala wapi?"
na kuku akapoa mezani.

Kutoka Mirandela ni saa tano. Niliendesha usiku,
mito na blanketi kiti cha nyuma,
na tufe la dunia limefungwa mkanda kama mtoto.

Chumba cha kwanza: bwana mmoja, Belmiro,
anawasha taa mchana.
"Dirisha?"
"Dirisha liko sebuleni."
"Na sebule?"
"Sebule imepangishwa."
Yuro mia sita na hamsini.
Aliyepiga ile picha lazima alilala chali pembeni,
maana mimi, nikiwa wima, upana ule sikuuona.

Cha pili kilichukuliwa nikiwa natafuta maegesho.
Cha tatu kilitaka mdhamini mwenye nyumba mjini,
yaani ili upate paa, uwe na ndugu mwenye paa.
Cha nne hakikuwepo. Kwenye anwani ile palikuwa na kinyozi,
wala hakushangaa: "Wewe ni wa sita wiki hii.
Hukutuma pesa? Basi una bahati."

Milango ya mtaa imeganda visanduku vya funguo,
vyeusi, vya tarakimu,
kama kupe kwenye masikio ya ng'ombe.
Humo hulala wageni wa siku tatu.
Nimejikunja garini, nasikia magurudumu ya mabegi yao
yakisaga mawe ya njia hadi usiku wa manane.
Kesho kutwa nitafundisha skeli ya ramani:
sentimita moja kwa kilomita moja.
Hapa, mshahara mmoja kwa mlango mmoja.

Jumapili, mtaa wa mlimani, ghorofa ya nne, bila lifti.
Foleni imejiviringisha hadi kwenye masanduku ya barua.
Watu kumi na saba; nimewahesabu kama darasa.
Nyuma yangu Zulmira, muuguzi, mtu wa Viseu,
bado ana viatu vyeupe vya zamu ya usiku.
Ananimegea nusu ya mkate wake wa maziwa.
Akienda msalani mkahawani, namlindia nafasi.
Tunacheka: tumekuwa majirani
kabla hatujawa na nyumba.

Subira huvuta heri, walisema waliosema.
Kwenye ngazi hii subira humvutia heri
aliye kipandio kimoja juu yako.

Dona Ermelinda, miaka themanini na moja,
hakuuliza mshahara. Alinipa bili ya umeme.
"Soma."
Nikasoma, hadi senti, kwa sauti ya darasani.
"Hukaangi samaki baada ya saa tatu usiku?"
"Sikaangi."
Dirisha latazama shimo la hewa, kamba, soksi za mtu fulani.
Lakini ni dirisha. Nilitoa mkono nje
na upepo ukaupokea.
"Mia nne. Sema sasa. Wapo wengine."

Najua wapo.

Nilisema ndiyo kabla koo halijakubali.

Vipandio vya kushuka ni vingi kuliko vya kupanda.
Kila mtu ananitazama mikono.
Ufunguo uko ndani ya ngumi, ngumi ndani ya mfuko wa koti,
na bado meno yake yananichoma.
"Kikoje?" anauliza Zulmira.
Mdomoni mwangu kungali na ladha ya mkate wake.
"Kidogo," nasema. "Kina baridi."
Naye anapanda kipandio kimoja,
pale pale nilipokuwa nimesimama.